Mkurugenzi Langoni

Ofisi yetu ya Urithi wa Ujio ina furaha kuutangazia umma kwamba maonyesho ya "Mji wa Mpakani: Walikotoka Watu Wetu" yamefunguliwa kwa mafanikio makubwa, na kwamba Mkurugenzi naye hatimaye aliingia.

Maandalizi yalifuata utaratibu. Ili watazamaji waione vizuri historia ya uhamiaji, kwanza tuliwaondoa wahamiaji waliokuwa mlangoni. Hao walikuwa wasusi wa nywele kutoka Burundi, na viti vyao na miavuli yao, wakiongozwa na mama mmoja, Epiphanie.

"Sasa tutakula wapi?" aliniuliza.

Nilimfahamisha, kama Mkurugenzi Msaidizi, kwamba suala la kula liko nje ya mawanda ya maonyesho.

Wiki hiyo hiyo tukagundua upungufu. Ndani ya ukumbi tulikuwa tumejenga mji wa mbao wenye lango lake, kuonyesha Durban ilipokuwa bado kijimji cha mpakani, lakini mji haukuwa na watu. Tukawaajiri wasusi wale wale waje kuigiza.

Mkurugenzi wetu, Dakta Omwenga, ni Mkisii wa Kenya anayeishi mtaa wa kitajiri wa Morningside. Yeye si mhamiaji; yeye ni mtaalamu. Alimvika Epiphanie joho, akamteua Mlinzi wa Lango, akamwagiza amuulize kila anayeingia ametoka wapi, ameitwa na nani na atarudi lini.

"Usimwonee mtu huruma. Nataka uhalisia."

"Hata mkubwa?"

"Hasa mkubwa."

Siku ya ufunguzi Mkurugenzi alitoka nje kumpokea mgeni rasmi. Mgeni akajibu maswali huku akicheka: ametoka Pietermaritzburg, ameitwa na Mkurugenzi, atarudi baada ya chakula. Akapita. Epiphanie akashusha kizuizi.

"Na wewe? Unatoka wapi?"

"Mama Epiphanie, ni mimi!"

"Nchi ya Ni-Mimi iko wapi?"

"Morningside."

"Kabla ya Morningside?"

Mkurugenzi akafuta jasho. "Kisii."

"Nani alikuita?"

"Hakuna. Nilikuja kusoma."

"Ulimaliza?"

"Zamani."

"Eish. Sasa utarudi lini?"

Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikatazama dari, kwa kuwa sikuwa na mamlaka ya lango.

Mgeni rasmi akapiga makofi. "Huyu bwana anaigiza kuliko wote! Tazameni anavyotetemeka!"

"Nifungulie, tafadhali," Mkurugenzi akanong'ona.

"Na sisi, turudi pale mlangoni na viti vyetu?"

"Tutaunda kamati ili—"

"Sharp, sawa. Kaa hapo nje. Kamati ikimaliza, utaniita."

Nyuma ya Mkurugenzi waalikwa walishaanza kusukumana, na mmoja alikuwa amemkanyaga.

"Rudini mlangoni na viti vyenu!" Mkurugenzi akapaza sauti. "Rudini leo leo!"

Mgeni rasmi, machozi yakimlengalenga, akawageukia waandishi wa habari na kutangaza kwamba maneno hayo mazito hayatabaki kuwa maigizo. Tangu saa hiyo ni sera.

Alasiri wasusi walikuwa kazini, nje ya mlango wetu. Viti alivibeba Mkurugenzi mwenyewe, kimoja kimoja, kwa sababu wapiga picha walitaka kumwona mwasisi wa sera akiitekeleza.