Kilomita 8,700 za Gibson

Jumatatu, 9 Juni
Fundi mwenzangu Stanley tena! Tangu arudi kutoka Guangzhou, wateja wa sofa hapa Keko wanaipita karakana yangu kama kuna msiba. Leo Bi Badriya, mwenye duka la vitambaa, anayetaka seti nzima ya sofa kwa harusi ya bintiye Salsabil, kaniuliza kama nami nimewahi kwenda kuona sofa za huko. Nikasema napaa keshokutwa. Ulimi huu!

Jumanne, 10 Juni
Utafiti umekamilika. Kutoka hapa hadi Guangzhou ni kilomita 8,700. Saa kumi na moja bila kutua popote. Stanley alipitia kwingine, akatumia siku nzima. Mshamba. Mke wangu Genoveva kauliza pasipoti iko wapi. Nikamwambia asiniletee mambo madogo. Akacheka hadi akakaa chini. Nitajificha Kimbiji kwa mjomba wake.

Jumatano, 11 Juni
Kimbiji ni kilomita hamsini tu. Nimetumia saa nne! Bodaboda ilikwama mchangani mara mbili, nikasukuma mimi. Kwa mwendo huo Guangzhou ningefika mwezi ujao.

Wote nimewaambia ndege inaondoka saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili jioni kamili nikapiga picha ya jua, minazi nikaikwepa. Nikaweka status: Nimetua salama, jua linazama Guangzhou. Hesabu haidanganyi!

Alhamisi, 12 Juni
Stanley kapiga simu. Mpole mno, nikaogopa. Kauliza jua gani hilo linazama saa tano usiku. Kumbe wenzetu wako mbele saa tano! Sikuambiwa. Nikajibu huko kiangazi jua huchelewa.

Kisha Bi Badriya. Mwanawe Matar anasoma hukohuko, ananisubiri anikabidhi gauni la bibi harusi. Gauni! Nikajibu kwamba nimeshapanda ndege ya kurudi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimerudi na begi, na pweza mkavu kutoka kwa mjomba. Bi Badriya yuko karakanani, kwenye sofa yangu, amelala. Kaja asubuhi kunisubiri anigombeze kwa ajili ya gauni. Nikatoa shikamoo. Akaamka, akaitikia, akanusa. Akasema ameenda kwa Matar mara tatu na hajawahi kurudi ananuka pweza. Stanley, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka hadi mafundi wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza kulikoni. Niliona aibu, nakiri.

Halafu Bi Badriya akaibonyeza sofa. Akasema hajapata usingizi mzuri hivyo tangu mipango ya harusi ianze. Kaagiza seti nzima kwetu, kwa sharti moja: atazungumza na Genoveva tu, mimi nisifungue mdomo.

Jumamosi, 14 Juni
Nimetafakari sana. Genoveva anasema sofa ndiyo iliyoniokoa. Hajui biashara. Ni ile haiba ya msafiri! Kosa langu lilikuwa moja, umbali. Guangzhou ni mbali mno. Nairobi je? Kilomita mia sita na kitu, saa moja na nusu hewani, na saa zao ni sawa na zetu. Hakuna wa kunikamata. Nimeshamtangazia Stanley kwamba naondoka Jumanne.

Genoveva kauliza tu kama amjulishe mjomba.