Kiti Kimoja, Wasemaji Watatu

"Kiti kimoja katika kamati ya zahanati," ilisema redio ya kinyozi, "kitakaliwa na mtu anayeishi na ugonjwa wa akili. Afisa atapita leo kuwahakiki walioomba."

Kinyozi akaizima redio, maana hapendi kushindana na mtu kuongea, na kijiwe kizima kikageuka kumtazama Dakika na shati lake, ambalo leo lilikuwa limepigwa pasi.

Dakika, fundi saa, hakuinua uso. Lenzi ilikuwa jichoni, saa ya mwalimu mmoja imefumuliwa mbele yake kwenye kimeza cha kioo, na skrubu zake ni ndogo kiasi kwamba mtu akikohoa vibaya pale, zinatafutwa mpaka jioni. Fomu alikuwa ameipeleka mwenyewe wiki mbili zilizopita, na hakumwambia mtu.

"Wewe!" alisema kinyozi, ambaye kijiweni anaitwa Spika, na si spika wa bunge, ni ile inayofungwa juu ya gari la matangazo. "Yaani umeomba kiti kimyakimya, kama unaposa?"

"Nimeomba."

"Bila sisi?"

"Kalamu nilikuwa nayo."

Mama Vikombe, muuza kahawa, alicheka mpaka birika likayumba mkononi.

"Na hicho kiti unakitakia nini?" aliuliza Daktari. Huyu hajawahi kumtibu hata kuku. Alilinda geti la hospitali miaka ishirini, na anaamini kila elimu iliyotoka mle ndani yeye aliipekua kwanza.

"Nakitakia lile dirisha la dawa," alisema Dakika. "Kila mwezi yule mgawaji anatoa kichwa nje, anapiga kelele: 'Wale wa kichwa, mstari huu!' Ukumbi mzima unageuka. Mwezi uliopita kuna dada mmoja mshona mapazia, huwa tunapanga foleni pamoja. Aliposikia vile akatoka mstarini, akaenda zake. Mwezi huu hakuja. Sijui dawa anapata wapi."

Dakika alimwonea huruma yule dada, na alijionea aibu pia, kwa sababu siku ile alikuwa nyuma yake hatua moja na hakufungua mdomo.

Spika ukimya haumkai. Alivuta droo ya kimeza, akatoa nakala ya fomu, akaisoma kwa sauti ya mtaa mzima: "'Mwombaji awe na msemaji, atakayejibu maswali kwa niaba yake.' Haya! Mtu mwenyewe si ndiye huyu hapa?"

"Nani, wewe?" Daktari aliweka kikombe chini. "Mtu anakuomba umpunguzie nywele, unampeleka nyumbani na upara! Utapeleka ujumbe wa mtu ukafika salama?"

"Na wewe unajua nini kuhusu akili?"

"Nimewafungulia geti wenye matatizo ya akili zaidi ya elfu!"

"Kwani bawaba za geti zinatibu?"

"Tulieni nyote," alisema Mama Vikombe. "Msemaji ni mimi. Mimi ndiye ninayejua kikombe cha tatu kinamnyima usingizi. Nyie hata tarehe ya dawa zake hamuijui!"

"Mama, kazi hii inataka sauti!"

"Kazi hii inataka heshima!"

"Mnaweza kuniuliza mimi," alisema Dakika.

"Subiri kwanza, tunakupigania!" walimjibu wote watatu.

Spika akapanda juu ya benchi, mkasi mkononi, akaanza mazoezi. "Mheshimiwa afisa! Ndugu yetu huyu ni mpole! Hana neno na mtu! Hang'ati!"

"Hang'ati?" aliuliza Dakika.

"Nyamaza, unaharibu! Mgonjwa haongei!"

Dakika alitaka kucheka, na palepale alitaka kulia. Hawa ndio waliokilinda kimeza chake mwaka ule alipolazwa miezi miwili, na aliporudi hata springi moja haikuwa imepotea. Anawapenda. Lakini ni miaka kumi na miwili sasa anasemewa, na mtu anayekusemea kwa mapenzi ni mgumu kumnyamazisha kuliko adui.

Afisa alifika katikati ya makelele hayo. Alikuwa mwanamama mwenye faili kwapani na viatu vyenye vumbi la kutwa. Akasimama, akatazama. Juu ya benchi kuna mtu anatoka jasho, anapunga mkasi hewani. Chini kuna mzee anamvuta suruali: "Shuka! Umechanganyikiwa?" Pembeni mwanamke anamwambia, "Kunywa maji basi, mwanangu, utulie." Na kwenye kona kuna bwana mmoja, shati limepigwa pasi, anafanya kazi yake bila kelele.

Afisa akamwinamia huyo wa kona. "Samahani, kaka," alinong'ona. "Wewe ndiye unayemsemea?"

Dakika alimtazama Spika juu ya benchi. Angeweza kusahihisha. Utundu ukamshinda.

"Niulize tu, dada."

"Hali hii ilianza lini?"

"Ya kuongea? Nilimkuta nayo."

"Analala?"

"Sana. Akilala yeye, na mtaa unapata kulala."

"Anakula?"

"Chake na chetu."

"Nani huyo anakula?" Spika aliinama kutoka juu. "Mama afisa, unakosea! Mgonjwa si mimi!"

Afisa alimpa tabasamu la kufundishwa kwenye semina. "Wengi huanza hivyo," alisema, akaandika. Kisha akamgeukia tena Dakika. "Na ule mkasi, huwa anaachiwa?"

"Kwa uangalizi," alidakia Daktari, ambaye alishaelewa mchezo na utamu ulikuwa umemkolea. Mama Vikombe alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtetemeka.

Spika alilipuka. "Kwa nini unamuuliza yeye? Mimi nipo hapa! Mdomo ninao! Niulize mimi mwenyewe!"

Dakika akavua lenzi.

"Hayo yaandike, dada," alisema. "Neno kwa neno, kama alivyoyasema. Mwombaji ni mimi."

Afisa alimtazama, akaitazama fomu, akamtazama tena. Uso ulimshuka kwa haya. "Nisamehe, kaka," alisema.

"Usijali. Sasa niulize."

Afisa alikata kwa kalamu mstari wa msemaji, akakaa benchi pale miguuni pa Spika, akauliza. Dakika alieleza habari ya dirisha, ya kelele zile na ya yule dada wa mapazia. Sauti ilimtetemeka mwanzoni. Alipofika kwenye lile la kumtafuta dada yule arudishwe kwenye dawa, ilikuwa imenyooka. Mara mbili Daktari alifungua mdomo kusaidia, na mara mbili Mama Vikombe alimjazia kikombe.

"Walioomba mko wawili," alisema afisa akifunga faili. "Mwenzako msemaji wake kajibu vizuri sana, na mpaka sasa sijui mwenyewe anataka nini. Kikao ni Jumatatu, saa tatu. Njoo peke yako."

Akaanza kuondoka. Spika akaruka kutoka benchi.

"Na mimi je? Mama afisa! Umeshaniandika humo kwamba nakataa hali yangu! Dakika, mwambie basi! Nisemee, ndugu yangu!"

Dakika alirudisha lenzi jichoni, akaichukua saa ya mwalimu.

"Mfuate mbio, kaka," alisema. "Mdomo unao."