Kila Ugonjwa wa Gazeti Lenu Unampata Papa

Kasha, Bukavu, mwezi wa saba 1957

Kwa Bwana Mhariri mheshimiwa,

Pole na kazi ya kuwasomesha watu wengi usiowaona. Mimi ni Apolline Nsimire, binti wa Philémon, fundi cherehani wa hapa Kasha. Nimemaliza shule ya masista mwaka huu. Si desturi yangu kusema mbele ya watu. Hata darasani nilikuwa nikijua jibu na kunyamaza. Ndiyo maana ninaandika. Nakuomba kwa heshima yote ufunge ukurasa wenu wa afya, ule unaoitwa "Mwili Wetu", kwa sababu papa yangu hana ugonjwa wowote na ukurasa huo unaniharibia maisha.

Kila Jumapili baada ya misa ninamsomea papa gazeti lenu kwa sauti, maana yeye husoma vipimo vya nguo tu. Wazee wenzake hukaa naye barazani, mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ukiwa katikati. Sasa, nimekubaliwa kuingia shule ya wasaidizi wa wakunga mwezi wa tisa. Papa alikuwa amekwisha kusema ndiyo. Leo anasema hapana, na aliyemgeuza ni wewe, Bwana Mhariri. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlipoandika juu ya homa ya mbu, papa alianza kutetemeka kabla sijafika kwenye maneno ya dawa. Mlipoandika juu ya minyoo, akashika tumbo. Mlipoandika juu ya uvimbe wa shingo, ule unaowapata watu kwa kukosa chumvi nzuri, akaanza kujipima shingo kila asubuhi kwa utepe wake wa kushonea. Shingo haijaongezeka. Papa anasema utepe ndio umelegea.

2. Kisha mkaandika dalili za mama mja mzito. Nilidhani juma hilo tutapumzika. "Soma tena pale pa miguu," papa akaniambia. Nikasoma kwamba miguu huvimba, asubuhi mtu husikia kichefuchefu, na hutamani vyakula ambavyo zamani hakuvipenda. Papa akaitazama miguu yake. Jirani yetu mama Séraphine, aliyekuwa akipepeta maharage upande wa pili wa ua, akaita: "Eh, papa Philémon! Mutoto akizaliwa, tutamuita nani?" Wazee wakacheka mpaka mzee Cirhuza akapaliwa na kasiksi. Papa hakucheka. Alisema, "Gazeti haiwezi kuandika bure."

3. Kwetu mgonjwa haonwi kwa mikono mitupu. Kwa kuwa papa anaumwa ugonjwa mpya kila juma, kila juma wageni wanakuja na kasiksi na ndizi mbivu, na adabu inamtaka mgonjwa aonje cha kila mmoja. Mama akimwambia apunguze, anajibu: "Nikikataa ya Cirhuza, atasema nini? Nimemuchukia?" Hivyo ugonjwa unaingia kwetu kwa gazeti, na pombe inaufuata nyuma kwa miguu.

4. Juu ya kifua kikuu mliandika kwamba watu wasinywe kwa mrija mmoja. Nilisoma tu, sikuongeza neno. Mzee Cirhuza, ambaye amenyonya mrija mmoja na papa tangu ujana wao, aliuweka chini polepole akaniuliza, "Binti, mimi niko muchafu?" Nililia mbele ya wote. Sasa kila mzee anakuja na mrija wake kwapani, kama fundi anayekwenda kazini. Kukohoa kumepungua barazani, hilo ninakubali. Lakini kwa muda hata salamu zilikuwa baridi, na lawama zilikuwa zangu.

5. Hili ni zito. Katika gazeti la Pentekoste mliandika juu ya ugonjwa wa sukari, na katika mistari ya kwanza kabisa mkaweka neno "mkojo". Si mara moja. Bwana Mhariri, una binti? Ungependa atamke neno hilo mbele ya papa yake na watu wa rika lake, watu ambao mimi hata nikiwapa maji ya kunawa ninatazama chini? Nilifanya kama mama alivyonilea: nikaruka habari nzima nikawasomea bei ya kahawa. Walisikiliza vizuri sana. Hata nilipobaki peke yangu sikuimaliza. Na tazama: huo ndio ugonjwa pekee wa gazeti lenu ambao papa hajaupata. Ni ushahidi wa kutosha kwamba asichosomewa hakimdhuru.

6. Mnashauri watu wanywe maji yaliyochemshwa. Papa ametii kupita kiasi. Ninaujaza mtungi asubuhi, adhuhuri umekauka, na anayepandisha maji kutoka bombani ni mimi. Baadaye anakwenda nyuma ya migomba, anarudi, anakwenda tena, na mahali pale pamejaa sisimizi, safu kwa safu, mpaka wanaingia jikoni. Mnashauri pia watu watembee. Papa anatembea mpaka kwa wateja wake wa Nyalukemba, na amekonda hata suruali yake ameipunguza kiunoni, kisha akaipunguza tena. Mnashauri watu wapumzishe macho. Ameyapumzisha: siku hizi uzi wa sindano ninautunga mimi, kwa sababu yeye anasema tundu linachezacheza. Mtu anafuata mashauri yenu yote namna hii, na bado anajiita mgonjwa!

7. Nilipomkumbusha shule, alinijibu: "Ukienda kule, nani atanisomea magonjwa yangu?"



Kwa hiyo ninaomba ukurasa ufungwe. Kama haiwezekani, andikeni magonjwa ya nchi za baridi, ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Kama hilo nalo ni gumu, wekeni chini ya kila habari: "Haya hayamhusu Philémon, fundi cherehani wa Kasha." Na ikibaki nafasi, chapeni kwa herufi kubwa kwamba yeye ni mzima. Papa anaamini kila kilichochapwa. Akisomewa kwamba ni mzima, atapona palepale, nami nitakwenda shule. Nimelifikiri jambo hili sana na sijaona kosa ndani yake.

Wasalimie wachapaji wako, na yule anayekunja magazeti, na bibi na watoto wa nyumbani kwako. Mama anakusalimu. Mama Séraphine anakusalimu na bado anacheka. Wazee wa baraza wanakusalimu, kila mmoja na mrija wake. Shangazi yangu Adélaïde wa Sange, ambaye tunamtumia gazeti tukishalisoma, anasema amepata minyoo tu, mengine anayangoja.

Mimi ninayekuandikia kwa haya na heshima,

Apolline Nsimire

P.S. Nilikuwa sijaifunga barua hii, akaja muuguzi Évariste wa dispensari kuchukua koti lake. Alikanyaga sisimizi. Akawafuata kwa macho mpaka kwenye migomba, akarudi akamtazama papa kiunoni, akauliza, "Papa Philémon, kiu yako iko namna gani?" Alichukua kidogo cha neno lile, akakichemsha kwenye kichupa pamoja na maji yake ya buluu. Maji yakageuka rangi ya tofali. Ni sukari. Daktari wa hospitali naye amesema hivyohivyo.

Papa, ambaye hulala kitandani kwa kila ugonjwa, safari hii alibaki ameketi. Aliuliza tu: "Na hii, gazeti haikuandika?"

Nilileta gazeti la Pentekoste, nililokuwa nimelificha chini ya mkeka wangu. Nikasimama mbele yake na wazee wote nikasoma habari nzima: kiu, kukonda, macho yenye ukungu, na neno lile kila mahali mlipoliweka, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mama Séraphine. Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Mzee Cirhuza akasema, "Basi kasiksi yangu ndiyo ilikuwa inalisha hawa sisimizi." Siku hizi anamletea papa mboga za lengalenga, na wanakunywa maji pamoja, kila mmoja kwa mrija wake.

Papa alingoja mpaka wageni wakaondoka. Kisha akaniambia, "Uende kusoma. Lakini kule, usiruke neno."

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, tafadhali usifunge ukurasa. Neno lile liacheni kama lilivyo. Uzi wa sindano ninautunga mimi mpaka mwezi wa tisa. Baada ya hapo, mama Séraphine amekubali kuutunga yeye.