Maembe ya Mama Nzisa

Jumanne, 13 Januari 2026
Nimepata dawa ya Mama Nzisa! Daktari amemkataza ngano kabisa. Akiionja tu, tumbo linamsumbua siku nzima. Kila Jumapili anatazama mandazi ya kanisa yakimpita. Nitamkaangia maembe yaliyovikwa unga wa mtama. Akila, atakubali wazee wetu wapeleke mbuzi wa ntheo, wale wa posa, na Nzisa atakuwa mchumba wangu rasmi. Shida ni Gedion wa kwaya. Naye anamtaka Nzisa, ndiyo maana anambebea mama Biblia. Mtu mzima na ndevu zake!

Jumatano, 14 Januari
Maembe yalikuwa yameiva mno. Yameyeyukia kwenye mafuta. Dada yangu Kanini amecheka mpaka akakaa chini. Eti nichague yenye ugumu kidogo, na mtama niuchanganye na unga wa muhogo na yai ndio ushike. Nikamwambia nilijua. Sikujua. Mtama wenyewe umeisha.

Alhamisi, 15 Januari
Sokoni Kibwezi, kwa mashine ya kusaga, nimemkuta Gedion akisaga ngano. Nikajipenyeza nyuma yake na mtama wangu, akina mama wakanung'unika. Mzee Muli, mwenye mashine, akasema nafaka ikibadilika, unga wa kwanza kutoka ni wa kuosha mashine, humwagiwa kuku. Kuku wa nani? Wake! Ujanja huo naujua. Nimeukinga wote, sikumwachia hata vumbi. Umetoka mweupe kuliko ule wa jana. Baraka tupu.

Jumamosi, 17 Januari
Wueh! Nimekaangia jikoni kwake Mama Nzisa. Maembe makavu juu, laini ndani. Alikuwa ameshainua kipande, akauliza nilisaga baada ya nani. Nikajibu kwa raha: baada ya Gedion na ngano yake, na sikupoteza hata punje. Akakirudisha kwenye sahani. Nzisa akaficha uso. Nikaona mbuzi wangu wakirudi zizini.

Kisha mama akacheka. Alicheka mpaka leso ikamdondoka. Akatoa kinu, akamimina mtama, akanipa mchi. Nimetwanga mpaka mabega yakawaka moto! Akakaanga mwenyewe kwa sufuria safi, akala kunishinda. Nilifurahi nusura nimkumbatie.

"Lete wazee wako," akasema. "Lakini jikoni kwangu usikanyage tena."

Jumapili, 18 Januari
Alikuwa anatania, niliona machoni. Siku ya mbuzi nitaingia jikoni kwake kabla hajaamka, nimshangaze na ndizi za kukaanga. Unga nimeshanunua: atta, ule wa chapati. Huo ni wa kahawia, si ngano.