Marehemu Amefungua Mlango

Jumatatu, 4 Machi

Nimekasirika tangu asubuhi na nina haki. Mkuu wa shule ametangaza kwamba cheo cha kuongoza idara ya lugha atakipata mwalimu ambaye darasa lake litaandika insha bora Ijumaa. Ni mimi au Bibi Rasimu wa darasa la jirani. Mimi! Nilianza kufundisha hapa yeye bado anavaa sare! Jina hilo nimempa mimi mwenyewe, kwa sababu wanafunzi wake huandika insha, husomeana, hufuta, huandika upya. Wiki nzima, insha moja. Maharage gani hayo yasiyoiva? Na baya zaidi: yeye ndiye atakayesahihisha za darasa langu, mimi za lake.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu kasema niwafundishe tu kuandika, yataisha. Yeye muuguzi, anajua nini? Mada ya mtihani haibadiliki miaka nenda miaka rudi: mtu ninayempenda. Basi nimewaandikia ubaoni insha ya mfano, waikariri neno kwa neno. Mama mgonjwa. Mvua inanyesha. Anamshika mwanawe mkono wa kushoto, anatoa usia, anakata roho. Methali saba! Nani ana moyo wa kumnyima yatima alama?

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Alisema mama yake alifariki kweli, mwaka jana, ila haikuwa hivyo. Nikamwambia mtihani hauulizi ilivyokuwa, aandike ya ubaoni. Akainamisha kichwa. Watoto wa siku hizi wabishi mno.

Ijumaa, 8 Machi

Raha! Darasa langu limeandika kama maji ya mfereji. Hakuna aliyetafuna kalamu. Kule kwa Bibi Rasimu walikuwa wanakuna vichwa na kukatakata mistari. Kwangu ni binti wa mbele tu aliyekuwa akiandika na kufuta, kuandika na kufuta. Nilimkazia macho. Hakuniona.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa. Bibi Rasimu kasoma insha ya kwanza ya darasa langu, machozi yakamtoka, akaikimbiza kwa Mkuu kabla hajagusa ya pili. Mwanamke gani huyu asiyemaliza kazi? Mkuu akaniita, sauti ya chini kabisa. Akauliza inakuwaje mwanafunzi wangu afiwe na mama nisilete habari. Nikasema nilisikia kwa mbali. Ningesema nini? Akaamua twende kutoa pole leo leo, niongoze mimi. Nikasingizia tumbo. Akanipa kidonge.

Tukabisha hodi. Marehemu akafungua mlango mwenyewe, pasi mkononi. Mkuu, ambaye hamjui, akampa pole kwa msiba wa mama wa mtoto. Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu.

"Mwalimu, mama wa mtoto huyu ni mimi. Nimekufa lini?"

Nikamjibu kwamba tunamshukuru Mungu kwa yote. Tuliporudi, Mkuu akaomba insha zote zilizobaki.

Jumanne, 12 Machi

Mkuu kasoma zote zilizobaki. Darasa zima yatima! Mvua ileile, mkono uleule wa kushoto. Wote wamepewa sifuri, isipokuwa mmoja. Na habari imeshafika majumbani, kwa hiyo akina mama wamejaa ofisini tangu kengele ya kwanza. Sijapata kuona marehemu wenye mdomo vile. Mmoja alitaka kujua usia wake umesema shamba apewe nani.

Insha moja tu ndiyo iliyopata alama, ya binti wa mbele: thelathini na nane kati ya arobaini. Bibi Rasimu aliisoma mbele yetu. Mama hakutoa usia wowote. Aliuliza kama madirisha yamefungwa, akageukia ukutani. Asubuhi mtoto akayafungua, maana hakujua kitu kingine cha kufanya. Basi, imeisha. Hata methali moja hamna! Akina mama wanafuta macho. Na mimi nikajikuta natafuta leso, nikazidi kukasirika.

Cheo kimekwenda kwa Bibi Rasimu. Mkuu aliniambia mbele yake, taratibu tu: "Ulikuwa na mtoto mwenye la kusema, ukampa la kukariri." Nimedhalilishwa!

Jumatano, 13 Machi

Nimeamriwa kukaa nyuma ya darasa la Bibi Rasimu muhula mzima, nijifunze. Kiti cha mtoto, magoti kidevuni! Leo waliulizana maswali kuhusu insha zao. Sikusikiliza hata moja. Nilikuwa nafikiri, na kosa langu nimeliona. Kukaririsha hakuna ubaya. Ubaya ni kumuua mtu mmoja kwa darasa zima! Muhula ujao safu ya dirishani watafiwa na baba, safu ya kati na bibi, safu ya mlangoni na shangazi. Magonjwa tofauti, hali ya hewa tofauti. Mke wangu nimemwomba orodha ya magonjwa, kanigeuzia mgongo. Sawa, nitatunga mwenyewe.

Yule binti nimempangia mjomba. Yake nimeanza kuiandika leo, ili apate muda wa kuikariri vizuri. Methali nane.