Nusu ya Juu ya Kipepeo

Jumatatu, 8 Oktoba 1979

Nimetambuliwa! Nilijua siku itafika, ila imechukua muda wake. Bibi Scheffel, mwenye funguo za chumba cha makumbusho hapa Gablonz Mpya, amepanda ngazi zetu akihema, akavua kofia, akauliza kama ni mimi Wendelin Hujer wa Kipepeo. Nikamwambia avute kiti.

Mama mmoja wa Amerika amepita kwake amebandika Kipepeo kifuani. Bruchi yetu, ya shaba na vioo! Zamani wakiivaa wasichana wa madukani, wasio na uwezo wa dhahabu. Sasa huko kwao matajiri wanayasaka mapambo hayo kwa tochi. Wanayageuza nyuma kutafuta jina la fundi. Nyuma ya Kipepeo ni peupe kama paji la mtoto. Sisi hatukuandika jina. Tulivishona kwenye kadi, dazeni kwa dazeni, meli ikabeba, jina akatia muuzaji. Yule mama akauliza: ni nani huyu? Hakuna aliyemjibu.

Basi Jumapili wanafungua kabati jipya la kioo. Bibi Scheffel anataka Kipepeo kimoja ndani, na jina chini yake. Nikamwambia atakipata. Sikupepesa jicho.

Alipoondoka, mke wangu Hermine akauliza nitakipiga kwa kitu gani, kwa kichwa changu? Swali halali. Kicheko hakikuwa halali.

Niandike jinsi mambo yalivyo, ingawa kalamu ni nzito. Kipepeo kinahitaji kalibu mbili za chuma. Jike hukaa chini, limechimbwa mabawa ndani. Dume hufungwa juu, kwenye nyundo kubwa. Unavuta mkanda, unaachia, nyundo inaangukia bati la shaba, bawa linazaliwa. Dume ninalo mimi. Jike analo mdogo wangu Gotthard, nyumba ya tatu kutoka hapa. Hatusemezani tangu 1961.

Wacheki walipotufukuza sisi Wajerumani kule Bohemia mwaka 1946, baada ya vita, walikagua kila mzigo. Vyuma vya kazi marufuku. Tukagawana, mmoja akikamatwa mwingine apone. Dume nililioka ndani ya mkate. Jike, Gotthard akaliweka chini ya nepi za mwanawe Roswitha, na nepi hazikuwa kavu. Hakuna askari aliyetaka kupekua. Mkate wangu waliuchoma kisu mara mbili! Kwa hiyo ushujaa ulikuwa upande wangu.

Hapa Ujerumani tukapiga Kipepeo pamoja mpaka yale maonyesho ya biashara ya Hanover, 1961. Mnunuzi akauliza ni kazi ya nani. Gotthard akajibu, "Kipepeo changu." Changu! Mbele ya masikio yangu! Nani alikichora? Mimi. Nani alikichimba kwenye chuma? Yeye, lakini taa nilishika mimi. Tukarudi kwa treni moja, mabehewa mawili. Kila mtu akachukua nusu yake.

Sasa mapafu ya Gotthard yamekwisha. Vumbi la kusugulia shaba. Jumamosi Roswitha anamhamishia kwake Augsburg, na Wondrak wa vyuma chakavu atazoa karakana yote. Nisipolipata jike kabla ya hapo, Kipepeo kitayeyushwa kiwe bomba la choo.

Jumanne, 9 Oktoba

Mpango mzuri sana. Hermine aoke keki ya mbegu za mpopi, ampelekee shemeji yake kama kwaheri, na akigeuza mgongo tu alitie jike kikapuni chini ya kitambaa. Amekubali kuoka. Nilimwelekeza mara mbili, tena kwa mchoro.

Amekaa huko mpaka supu yangu ya viazi ikapoa. Karudi, kikapu chepesi. Nikauliza kulikoni. Akasema keki wameimaliza, sahani ameisahau, na Gotthard kauliza kama yule mzee bado anakoroma kama msumeno. Na chuma? Akasema yeye ni binti wa fundi wa vifungo vya kioo, hakulelewa kuiba. Kama nina hamu ya kuiba, miguu ninayo.

Nikamkumbusha nani aliyemlisha miaka arobaini. Akanikumbusha nani aliyekuwa akipika.

Jumatano, 10 Oktoba

Wanawake hawana moyo wa kazi. Nimekwenda kwa Wondrak mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, vyuma vya Gotthard nitavinunua mimi vyote kabla havijapanda mizani, ila usiseme mnunuzi ni mimi. Akauliza vya nini, mzee wangu, na wewe miguu yote miwili iko kaburini? Nikamjibu mmoja tu.

Hakungoja Jumamosi, alasiri kamwaga mkokoteni mzima uani. Kalibu za vifungo, kalibu za hereni, shoka bovu, jiko lisilo na mlango. Na jiliwa langu la kubania vyuma! Nilimwazima Gotthard mwaka wa hamsini na tano. Nimelinunua jiliwa langu mwenyewe! Nimelitambua kwa jino lililovunjika.

Jike halimo. Wondrak anasema mzee kalikalia kitini, kalifunika kwa mto, kasema hiki hakiuzwi, na mwenye haraka na asubiri.

Majirani wamesimama kwenye ua kunitazama. Nimewaambia nafungua kiwanda.

Alhamisi, 11 Oktoba

Usiku nimelala na akili, nimeamka nayo. Nimhitaji Gotthard wa nini? Dume langu ni chuma kigumu. Nikilipiga ndani ya chuma laini, likiwa la moto, litaacha umbo lake humo. Nitakuwa na jike langu mwenyewe. Mkono huu ulisifiwa na mabwana wa viwanda! Nilijishangaa sikuwahi kulifikiria.

Nikawasha jiko. Nikapasha kipande cha chuma mpaka kikawa rangi ya chungwa. Nikafunga dume juu. Nikavuta mkanda, nikaachia. Nyundo ikalia vizuri. Bawa likaanza kuonekana. Nikapiga tena. Hermine akasema kupitia dirishani inatosha. Mtu anaposema inatosha ndipo mimi huongeza. Nikauvuta mkanda kwa mikono miwili hadi juu kabisa, nikaachia.

Dume limepasuka. Ufa umeanzia kichwani mwa Kipepeo ukashuka hadi kwenye mkia.

Nimekaa juu ya jiliwa mpaka jiko likazimika lenyewe. Chuma hiki kilipita kwa askari ndani ya mkate. Kilipita majira ya baridi tulipoishi katika magofu ya kiwanda cha baruti, tukikata makopo ya maziwa kuyafanya hereni kwa kukosa bati. Nimekipaka mafuta kila mwaka, sikukosa. Hermine ameniletea koti. Afadhali angenicheka.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimekwenda kwa Gotthard. Si kwa sababu ya ufa. Nimekwenda kuchukua sahani ya keki.

Roswitha kafungua mlango akapiga makofi. "Baba mkubwa! Umepotea njia?" Nikamwambia nimefuata sahani. Akaniambia sahani iko kwa baba, ndani.

Gotthard yuko dirishani. Sweta mbili, blanketi miguuni, kifua kinafukuta kama mivukuto ya mhunzi iliyotoboka. Amekuwa mdogo. Alikuwa mrefu kunishinda, ingawa sikuwahi kukubali. Akanionyesha kiti kwa kidevu. Tukatazama nje. Mtaa ulikuwa mtupu, lakini tuliutazama vizuri.

Mwishowe akasema, "Umelipasua, siyo?" Nikauliza kaambiwa na nani. Akasema na masikio yake. Jana pigo la kwanza lilikuwa zima, la pili zima, la mwisho lililia kama sufuria. Nyumba tatu! Nikasema lilikuwa na kasoro tangu awali. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamleta Roswitha na maji.

Alipopata pumzi akauliza kama mimi ni fundi au mpishi. Akasema kaka, hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza anajua. Lalisha shaba nyekundu juu ya jike, angusha nyundo, shaba inaingia kila mfereji, inatoka dume. Likichakaa unapiga jingine. Dume ni nguo tu, unabadilisha. Jike ndilo Kipepeo.

Nilijua. Bila shaka nilijua! Nimeyafanya hayo mara mia. Ila siku zote nilikuwa nafikiria nusu yangu, sikukaa kuifikiria yake.

Nikamuuliza: basi mbona hukupiga? Miaka yote hii jike unalo, nyundo unayo, shaba hukuikosa.

Akasema wanunuzi walikuja, tena wengi. Aliwaambia wote Kipepeo kinapigwa na watu wawili, na mmoja ana shughuli. Nikauliza nani huyo. Akamwambia Roswitha, mwanangu, mpe baba yako mkubwa sahani yake aende, nisije nikamtupia.

Nimelipima jambo hilo njia nzima kutoka kitini mpaka mlangoni. Jibu ni rahisi. Hakuwa na nguvu ya kuvuta mkanda. Dhaifu tangu utoto.

Nikageuka. Nikasema ikiwa ana muda, nyundo yangu iko tayari. Akasema muda anao mpaka kesho.

Tumemleta kwa mkokoteni wa Wondrak, na blanketi lake. Jike alilikumbatia mwenyewe, hakutaka mtu alishike. Akaliweka chini ya nyundo, akalilinganisha kwa kidole gumba, bila kutazama. Shaba nyekundu kwanza. Pigo moja, dume likazaliwa. Halafu bati. Mimi mkanda, yeye bati. Hakuna aliyehesabu wala kusema sasa. Anapotoa vidole, mimi naachia.

Tulipiga hadi akaishiwa pumzi. Hermine akapachika vioo, vya buluu mabawani, kimoja chekundu kichwani. Gotthard akakigeuza Kipepeo nyuma, akakiangalia mahali pasipo na jina, akakirudisha. Akasema sawa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Wameondoka asubuhi. Mimi nilikuwa nafunga mizigo juu ya gari, maana Roswitha hajui kufunga kamba. Gotthard ameshusha kioo, akanipa jike lililokuwa mapajani mwake, lina joto. Akasema, "Kaka, lipige kwa nyundo, siyo kwa kichwa." Nikamjibu azibe dirisha, upepo haumfai.

Gari lilipokata kona akainua mkono. Mimi sikuinua wangu, nilikuwa nimeshika kamba. Hermine anasema kamba ilikuwa imekwenda na gari.

Jumapili, 14 Oktoba

Kabati limefunguliwa. Watu wengi, bia kidogo. Kipepeo kimewaka chini ya taa hata mke wa meya akakiinamia. Bibi Scheffel alikuwa na kalamu na kadi nyeupe, akauliza aandike nini. Nikasema Wendelin Hujer. Akauliza na nani tena? Nikasema kadi yenyewe ndogo. Akanitazama. Nikasema basi aongeze: amesaidiwa na ndugu. Herufi ndogo.

Ni haki. Ndugu ameandikwa. Kule Hanover mimi sikuandikwa hata kidogo.

Hermine ametembea mbele yangu njia yote ya kurudi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimejaribu kupiga Kipepeo peke yangu. Haiwezekani. Ukishika bati huwezi kuvuta mkanda, ukivuta mkanda bati linahama. Nimepata mabawa mawili yote ya kushoto. Hermine kagoma, anasema vidole vyake anavihitaji. Nikapiga nyundo tupu mara moja, nisikie inavyolia. Imelia vizuri. Hakuna wa kuniambia.

Sasa nusu zote mbili ninazo mimi. Nimeshinda, kwa maneno mengine. Gotthard aliona mwenyewe nani mwenye Kipepeo, akasalimu amri.

Hermine anasema nimwandikie. Nimwambie aje Krismasi, nimwambie namkumbuka, siyo maneno mengi. Mimi? Mkubwa hamwombi mdogo! Hiyo ni kanuni.

Nina mpango bora zaidi. Nimemwandikia kadi ya posta kwamba jike lina ufa. Kwamba ameniachia kitu kibovu akijua, na kama ana haya aje alitazame kwa macho yake. Jike halina ufa hata wa unywele. Nimelipaka mafuta, nimelifunga kwa fulana yangu ya sufi. Lakini Gotthard namjua. Ukimbembeleza hukaa, ukimtukana kazi yake hupanda treni, mapafu yawepo au yasiwepo.

Hermine kaisoma kadi kabla sijaibandika stempu. Kasema shemeji atakuja na rungu.

Vizuri. Bati nimeshalikata.