Hillary wa Kufukuza Watu kwa Picha

Hillary Wakhungu aliona riziki yake Kitale, mwezi wa tatu, vumbi kila mahali na kila mkulima anaangalia mawingu. Hakuwa anatafuta kazi. Hillary na kazi ni kama watu walikosana zamani, wakipatana kwa barabara kila mtu anahama upande wake.

Alikuwa anapita tu chini ya ile miti ya maua ya zambarau, kwa barabara ya kwenda mji wa Kwanza, akaona bibi harusi anapigwa picha. Nyuma ya bibi harusi, watu kama arobaini hivi. Boda nane, injini zinanguruma. Mama wa ndizi na beseni yake kichwani. Na mzee mmoja, nakwambia, alikuwa amesimama katikati ya maharusi, mikono nyuma, ametulia kama yeye ndiye amenunua keki.

"Mzee, tafadhali songa kidogo," mpiga picha aliomba. Huyo ni Wamboi, msichana wa hapo hapo Kitale, mfupi, mpole, kamera moja mkononi na ingine ya zamani inaning'inia shingoni.

"Nisonge niende wapi? Barabara ni ya serikali."

"Lakini uko kwa picha, mzee."

"Si ndio vizuri?"

Hillary akacheka. Halafu akaacha kucheka, na Hillary akiacha kucheka, jichunge. Aliazima jaketi ya kung'aa ya mtu wa boda, akavaa, akapanda juu ya jiwe, akavuta pumzi.

"Mbolea ya serikali imefika! Wanaandikisha kwa chifu sahii! Watu mia moja peke yake!"

Woi! Barabara ilibaki tupu. Mama wa ndizi alikimbia na beseni kichwani na hakuna ndizi ilianguka. Mzee wa serikali ndiye alikuwa mbele. Baba ya bwana harusi pia alichomoka, na suti yake na ua kwa kifua. Bwana harusi mwenyewe alikuwa ameinua mguu mmoja, bibi harusi akamshika koti.

Usiwacheke. Wewe ungebaki? Mvua iko karibu, shamba iko tayari, na mtu anakwambia mbolea. Hata ukijua ni uongo utaenda tu, kwa sababu siku utakataa kwenda ndio siku itakuwa ukweli.

"Wah! Asante sana, bro," Wamboi alisema, na akampa kitu ya chai.

"Usijali, dadangu. Mimi ni mtaalamu wa umati."

Tangu siku hiyo Hillary akawa mtaalamu wa umati. Jaketi haikurudi kwa mwenyewe. Lakini kulikuwa na shida moja ndogo ya kibiashara: siku zingine watu hawakuja kuangalia. Sasa mtaalamu atafukuza nani? Kwa hivyo alianza kuwaleta. Anapita stendi ya boda mapema, ananong'ona, "Leo kuna tangazo la TV pale kwa miti. Wanapeana simu bure." Saa moja baadaye mji wote uko nyuma ya bibi harusi, na Hillary anatokea na jaketi yake, ameshtuka kabisa. "Ai! Hawa watu wametoka wapi?" Analeta na simu, anafukuza na mbolea. Safi.

Wamboi alikuja kujua. Kijana mmoja wa boda alimuuliza tu bila hila, "Madam, hizo simu zinapeanwa saa ngapi? Yule jamaa wa jaketi alisema saa tano."

Wamboi alitamani kumfukuza Hillary mwenyewe. Lakini angefanyaje? Kulikuwa na harusi Bungoma Jumamosi, na hiyo harusi ndiyo ilikuwa maisha yake.

Ilikuwa ya Nasambu, na shangazi ya Nasambu ni Madam Dinah, mwalimu mkuu wa shule kubwa huko Bungoma. Madam Dinah alikuwa na kidonda. Kwa harusi ya familia iliyopita, mwanaume hakuna anayemjua alionekana kwa picha zote, anatafuna miwa kati ya bwana na bibi. Hiyo picha iko kwa sebule mpaka leo. Kila mgeni akija anauliza, "Huyu wa miwa ni mjomba?"

"Sikiliza, Wamboi," Madam Dinah alimwambia kwa simu. "Nikiona kichwa ya mtu sijui, tumeachana. Lakini picha zikitoka safi, picha za shule yangu mwaka mzima ni zako. Kila darasa."

Kila darasa! Na akikosa, anarudi kwa duka la kakake Gathii kuuza chakula ya kuku, mahali Gathii anamngoja na aproni tayari amefua.

Na Hillary alisikia. Hillary husikia vitu hata za kijiji ingine.

"Dadangu, Bungoma si Kitale," alisema, akikaa kwa kiti cha Wamboi bila kuambiwa karibu. "Bungoma watu wanaangalia kwa nguvu. Huko pesa ya chai haitoshi. Nipatie ile kamera yako ya zamani."

"Hillary! Hii ndiyo nilijifunza nayo!"

"Ndio, ina uzoefu. Ama unataka mtu wa miwa arudi?"

Wamboi alienda kulia kwa kibanda cha Nabwile, anayeuza mboga sokoni. Nabwile ni Mbukusu wa Matulo, mdomo mrefu, roho nzuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akicheka kidogo kidogo ndani ya sukuma.

"Huyo Hillary? Wiki jana si alijificha chini ya meza yangu? Nikadhani anakimbia askari wa kaunti. Kumbe ni mama mkwe amepita."

"Anaogopa mama mkwe?"

"Wewe Mkikuyu utajulia wapi! Kwetu mwanaume na mama mkwe hawakutani. Hawashikani mkono, hawaangaliani uso. Ukimuona anakuja, unahama njia. Hiyo ni heshima. Lakini ya Hillary ni heshima na woga. Alichukua Linah wa watu miaka mitatu sasa, hajapeleka mahari, hata mkia wa ng'ombe. Mama Linah anamtafuta na ule mwavuli wake mkubwa wa nyekundu na manjano."

Wamboi alifuta machozi polepole. "Nabwile. Haruhusiwi kumwangalia uso?"

"Hapana."

"Sasa atajuaje ni yeye?"

Nabwile aliweka sukuma chini.

Jumamosi, kwa mawe makubwa nje ya Bungoma. Nasambu amependeza, sijui niseme nini, gauni inafagia nyasi. Watu nao? Mia mbili, bana! Hillary alikuwa amenong'ona vizuri. Wengine walikuwa wamebeba chaja kabisa, wakingoja simu. Madam Dinah alikuwa anapumua kama jiko la makaa.

"Huyu mtu wako ako wapi?"

"Niko, madam," Hillary alisema, jaketi inang'aa. Alinyoosha mkono kwa Wamboi, bila aibu. "Kamera kwanza."

Wamboi alivua kamera ya zamani akampa. Hillary akaivaa shingoni, akapanda jiwe, akavuta pumzi. "Mbolea imefika!" Mia mbili wakaisha. Vumbi ikatulia. Mawe, anga, maharusi, basi. Wamboi alipiga picha kama mtu anavuna kabla ya mvua, na kila picha ilikuwa safi kama sahani ya wageni.

Hillary hakuenda. Alikaa pembeni akijipiga picha mwenyewe na kamera yake mpya.

Ndio pale kwa njia, pole pole, ukatokea mwavuli. Mkubwa. Nyekundu na manjano. Chini yake gauni ndefu ya kanisa na sauti ya mtu anakohoa kwa hasira.

Hillary alitazama mwavuli, akageuza uso haraka venye mila inataka. Na akishageuza uso, angejua aje ni Nabwile wa mboga na mwavuli wa kuazima?

"Mungu wangu. Mama Linah!"

"Karibu, mama!" Wamboi aliita kwa sauti tamu. "Njoo tu, hakuna mtu hapa isipokuwa Hillary!"

Mwavuli ukakazana. Hillary alikimbia upande huu, akakuta mawe. Akakimbia huu mwingine, akakuta ua wa miiba. Akaruka. Kamba ya kamera ikashikwa na miiba, na kwa nusu dakika mwanaume alining'inia hapo akifikiria achague kamera ama achague shingo. Alichagua shingo. Kamera ilibaki kwa miiba ikibembea, na jaketi ikaonekana mara ya mwisho ikiingia kwa mahindi ya mtu ya mwaka jana.

Madam Dinah alipewa picha Jumatatu. Mia tatu na kumi, hakuna kichwa ya mtu asiyejulikana. Isipokuwa moja. Nasambu anabusu bwanake, na nyuma yao, juu kabisa ya ule ua wa miiba, mwanaume wa jaketi inayong'aa ameruka, miguu yote hewani, mdomo wazi.

"Nifute hiyo, madam?" Wamboi aliuliza, roho mkononi.

Madam Dinah aliangalia. Akaangalia tena. Akaanza kucheka mpaka akavua miwani. "Ukifuta hiyo hupati shule!" Na akaiweka kwa status yake ya WhatsApp: *Jamani, huyu ni nani?*

Kabla ya jioni hiyo picha ilikuwa imefika Tongaren, imepita Webuye, imeingia Matulo kwao Linah, na jina la Hillary tayari limeandikwa chini. Usiku kidogo, simu ya Linah ikalia. Ilikuwa ni sauti ya mamake, imetulia, hata ina furaha.

"Linah, mwambie bwanako hatimaye nimemwona. Kwa picha si mwiko, nimemwangalia vizuri mpaka nimetosheka. Jaketi nimeona. Meno nimeona. Sasa anionyeshe ng'ombe."